Siku Mama Alizochoka

Fundi saa alimwekea binti yake daftari mezani, akaketi mkabala naye kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Kwa miezi minane mkewe alikuwa amelala chumba cha pili, amefumba macho, hasemi. Na kwa miezi minane yeye alikuwa akimwita kimoyomoyo.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Kila asubuhi aliketi sebuleni, mlango umefungwa, akarusha sarafu. Ikilalia upande mmoja, alimwita mkewe moyoni. Ikilalia wa pili, aliwaza mambo mengine. Dada yake, aliyekaa kando ya kitanda asijue sarafu imeangukaje, aliandika kama kidole cha mgonjwa kimetikisika.

"Mara tisini," alisema mzee. "Sitini na nne kidole kimelingana na sarafu. Kuna chama cha wachunguzi wa fahamu, nataka niwaandikie. Lakini wewe ndiye mtakwimu. Kwanza niambie, ananisikia?"

Binti alikuwa akilipwa mshahara kuwaharibia watu furaha za namna hii. Watafiti wazima na shahada zao walimwogopa. Leo alitamani angekuwa mpishi.

"Baba, hizi ulizozikata mstari?"

"Hizo siku mama yako alikuwa amechoka."

"Ulijuaje?"

Mzee alipitisha kidole juu ya mistari. "Hakujibu," alisema.

Siku zilizokatwa zilikuwa hamsini, na zilizolingana ni saba tu. Binti alijumlisha mara mbili, akiomba awe amekosea. Sabini na moja kati ya mia moja na arobaini. Nusu kwa nusu, sarafu ingefika hapo yenyewe. Alimwambia vivyo hivyo, taratibu, amemshika mkono, maana mtu aliyetengeneza saa miaka arobaini huwezi kumdanganya kwamba saa iliyosimama inakwenda.

"Basi hanisikii."

"Sijasema hivyo. Daftari linasema kumwita kwa mawazo, mlango umefungwa, hakuonekani kufanya kazi. Ukikaa naye ukamwongelesha, hilo hukulipima."

"Hilo nilipime la nini? Pale naongea na mke wangu tu." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Kwani wewe huwa unamwambia nini?"

Binti aliinamia daftari. Kila Jumamosi alikuja, akamgeuza mama yake, akambadilishia shuka, akamkata kucha, bila neno hata moja. Hakuna ushahidi kwamba anasikia, ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba aliogopa kuongea asijibiwe.

Aliinuka, akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake.

"Marahaba, anasema," mzee alijibu kwa sauti ya chini. "Na anauliza ulikuwa wapi siku zote hizi."

Binti alilia kwanza. Halafu akavuta kiti, akaanza kumweleza.