Kisahani cha Kuvuka Bwawa

Félicité alikuwa na mkono usiodanganywa na kitambaa. Pale Isipingo, kusini mwa Durban, kwenye meza yake karibu na stendi ya taksi, mtu angemwekea kikwembe, kama wanavyoita kitenge kwao Kongo, kiganjani huku macho ya Félicité yako kwa mteja mwingine, naye angesema palepale: hiki cha kweli, hiki feki. Kizito ndicho cha kweli. Chepesi kitachujuka siku ya kwanza kikiguswa na maji. Kanuni hiyo ilimlisha Bukavu, ikamlisha Lusaka alikopita, ikaendelea kumlisha Durban.

Basi alipoingia kwenye gofu ya visahani, alichagua visahani kwa kanuni ileile.

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Unasimama juu ya kipande cha zege, unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, hadi kitue kikapuni. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Jedidah, Mkenya anayefundisha chuo kule Westville, ndiye aliyemvuta baada ya kujuana kanisani, na mwaka wa pili wakawa jozi kwenye mashindano ya kina mama. Visahani walinunua kwa Jecha, Mzanzibari wa Chatsworth, aliyekuwa akiviuza nyuma ya bakkie, pikapu yake, pembeni mwa uwanja. Félicité alivipima kimoja kimoja kiganjani, akabeba vizito kuliko vyote.

"Mama, hivyo vya vijana wenye mabega," Jecha alimwonya. "Chukua hivi vyepesi. Vinapaa vyenyewe."

"Hizo iko feki. Miye niko muuza bikwembe, papa. Huwezi kuniuzia upepo."

Jecha akacheka mpaka akajishikilia kwenye bakkie. "Sharp, mama. Siku utautaka upepo, mimi ninao."

Wakati ule bega lilikuwa zima, na vile vizito vilikwenda. Kisha siku moja robota la vikwembe likateleza kutoka juu ya rafu, akajaribu kulidaka kwa mkono mmoja. Bega la kulia likachomoka. Walilirudisha, lakini halikurudi lilivyokuwa. Daktari akamkataza kubeba robota. Binti yake akamkataza kusonga ugali wa watu wengi. Hata mjukuu hakupewa ampakate mpaka awe ameshakaa kwenye kiti, kama vile yeye ndiye mtoto. Félicité alivumilia yote hayo. Lakini aliporudi uwanjani na kufika kikapu cha saba, ambapo lazima urushe kisahani kivuke bwawa, kile kizito kikatoka mkononi kimeshachoka, kikadumbukia majini: chubwi! Akarusha kingine. Chubwi! Na kingine.

Jedidah alisubiri hadi walipofika kwenye gari ndipo akasema. "Dada, nisikilize na usikasirike. Kwenye mashindano lazima sote wawili turushe kutoka zege kubwa. Hakuna kwenda kurushia lile dogo la watoto. Lynn ameniomba nicheze naye."

Lynn alikuwa mwanafunzi wa Jedidah, msichana, mikono kama upinde.

"Wewe umemjibu nini?"

"Nimemwambia angoje. Jumamosi tunaandikisha majina. Ukivuka bwawa asubuhi hiyo, ni mimi na wewe. Usipovuka..."

"Usimalize. Nimesikia."

Kesho yake alipanda taksi hadi Chatsworth. Jecha alikuwa anaosha bakkie nyumbani kwake.

"Nimekuja kununua upepo," Félicité akasema.

Jecha hakucheka safari hii. Alimtolea sanduku, akamwonyesha namba nyuma ya visahani. Vile alivyokuwa akirusha vilikuwa na gramu mia na sabini na tano. Hivi vilikuwa mia na hamsini. Félicité akakipima kimoja, na mkono wake wote ukakataa. Ilikuwa kama kushika karatasi ya kufungia maandazi.

"Eish, mama, usiangalie uzito peke yake," Jecha akamwambia. "Shika ukingo. Vidole vikijaa sawasawa, hicho chako. Ukingo mnene utakuchosha vidole, vitaachia mapema."

Akajaribu vingi. Mwisho akapata cha rangi ya chungwa, ukingo mwembamba, kikakaa mkononi kama kimezaliwa humo. Akakichukua shingo upande.

Alianzia mazoezi kwenye kiwanja nyuma ya kanisa. Alirusha kwa nguvu zake zote zilizobaki, kama alivyozoea kurusha vizito. Kisahani kikapaa, kikatetemeka, kikageuka kulia na kwenda kugonga paa la bati la kanisa, kwaya ikiwa katikati ya wimbo. Ruphin, mwalimu wa kwaya, akatoka nje na miwani mkononi.

"Maman Félicité, tulifikiri ni malaika wanabisha hodi."

"Malaika hawabishi mara mbili, Ruphin. Rudi ndani, kingine kinakuja."

Na kweli kilikuja. Jioni ile bega liliwaka moto. Akalipaka dawa, akalala upande wa pili, akaamka bado hajaacha.

Jawabu alilipata mezani kwake. Mteja mmoja alitaka kuona ua la kikwembe lilivyo likikunjuliwa lote. Félicité akashika pembe mbili, akakivuta karibu na kifua, akakikung'uta mara moja kwa kiwiko na kifundo cha mkono, halafu akakatisha ghafla. Pwaa! Kitambaa kikatandaa hewani, kikatulia kama meza. Amefanya hivyo tangu usichana wake. Akabaki amekishika. Bega lake halikusikia kitu.

"Maman, iko nini? Ina tundu?" mteja akauliza.

"Haina tundu. Bega ndiyo iko na tundu," akajibu, na mteja hakuelewa.

Kuanzia hapo akaacha kukitupa kisahani. Alikikunjua. Karibu na kifua, kiwiko, kifundo, katisha. Kikawa kinakwenda mbali kuliko vizito vilivyowahi kwenda, ila bado kiligeuka kulia. Akaanza kuinamisha kidogo ukingo wa nje uelekee chini. Sasa kikawa kinatoka kimelala upande, kinainuka chenyewe njiani, kinanyooka na kuelea. Kwaya ikaimba bila kukatizwa.

Jumamosi ikaja na upepo wa kusini-magharibi. Pale kwenye zege kubwa ulikuwa unawapiga usoni, na bwawa lilikuwa na mikunjo kama shuka ambalo halijatandikwa. Lynn alikuwepo, amejikunyata ndani ya koti. Jecha pia aliacha bakkie yake akaja kutazama.

"Upepo wa uso unataka kisahani kizito," Jedidah akasema. Akatoa chake. "Chepesi utakigeuza, dada. Sikudanganyi. Chukua hiki changu."

Félicité akavishika vyote viwili, kila kimoja kwenye kiganja chake. Mkono wa Isipingo ukasema: kizito. Na kwa upepo ule Jedidah alikuwa amesema kweli, kila mchezaji anajua. Lakini upepo ndio unaotaka kizito, bega halikiwezi. Akamrudishia.

"Aksanti. Hicho kitaishia katikati ya maji, na wewe unajua."

"Shosho, mimi naona ungoje upepo upungue," Lynn akasema.

"Shosho ni bibi yako. Lakini hapo umesema vizuri."

Akangoja. Hakutazama kikapu, alitazama matete ng'ambo ya bwawa. Yaliinama, yakainama zaidi. Watu wakaanza kukohoa. Yakaanza kuinuka. Akainamisha ukingo wa nje zaidi ya alivyofanya mazoezini, akakivuta kifuani, akakikunjua.

Kisahani kilitoka chini, upande, kikionekana kabisa kwamba kinakwenda kufa kushoto. Jecha akashika kichwa. Katikati ya bwawa upepo ukakinyanyua, kikanyooka, kikaelea, kikaanza kulala kulia. Matete yakainama tena. "Ngoja, ngoja, ngoja," Félicité alikuwa akikiambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mbuzi anayetaka kukata kamba. Kikagonga udongo wa ukingo wa ng'ambo, kikarukaruka, kikaegemea shina la tete, mahali pakavu.

Lynn ndiye aliyepiga kelele kwanza. Jedidah alikuwa amefumba macho.

"Kimevuka?"

"Fungua macho yako, mwalimu, uangalie."

Jedidah akatoa simu kuandikisha majina. Jecha akajitolea kuzunguka bwawa amletee kisahani.

"Kiache!" Félicité akamkemea. Alikuwa ameshaanza kushika njia, mkono wa kushoto umelishikilia bega la kulia. "Sijafika kikapuni bado. Mtu asikiguse."