Sauti ya Fremu

Mwaka wa themanini na sita, kinu cha injini cha kusagia nafaka, mali ya akina mama wa kijiji kimoja karibu na Ishiara kilihamishiwa kwenye fremu mpya ya chuma, na tangu siku hiyo kikaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Muthoni, aliyekuwa akikiendesha kwa miaka sita, alikaza nati asubuhi, na jioni akaziokota sakafuni.

Fundi Kivuti alikuja kutoka Runyenjes mara mbili, akala, akashiba, akasema wapunguze mwendo. Walipopunguza kidogo, kikatetemeka vile vile. Walipopunguza sana kikatulia, ila mtama ukatoka mzima mzima vile ulivyoingia. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Teresia, akachoka. Likakatwa shauri kinu kiuzwe kwa Mutegi, mfanyabiashara wa Ishiara, na akina mama warudie kutembea maili saba kwenda kusaga kwingine na saba kurudi, mizigo mgongoni.

Muthoni hakukubali hata kidogo. Alikuwa mwimbaji kanisani, na sikio lake halikuwa la kudanganywa. Kila alipowasha injini, fremu ilitikisika ngurumo ilipofika sauti moja tu, ambayo angeweza kuiimba midomo ikiwa imefumbwa. Alipozima, ilitulia mara tu ngurumo iliposhuka chini ya hapo. Akaigonga fremu kwa nyundo, nayo ikavuma kwa sauti hiyo hiyo. Kumbe chuma hiki kina sauti yake, akawaza, na sisi tunakichokoza nayo kutwa nzima. Juu ya sauti hiyo hakuna aliyewahi kufika, kwa kuwa kila mtu alipoona mtikisiko alirudi nyuma.

Akamweleza Mama Teresia kwamba wasukume mwendo mpaka waipite sauti hiyo. Akajibiwa aache vituko, fremu ikivunjika itaua mtu.

Siku Mutegi alipokuja na lori, akina mama kumi walikuwa kwenye foleni wasage mara ya mwisho. Muthoni akawasha injini, akasukuma mkono wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, hadi walipozoea kuishia. Fremu ikatikisika, vumbi likaanguka kutoka darini. Akasukuma mbele zaidi. Mabati yakalia, watu wakatimua mbio, na wa kwanza kufika nje alikuwa Mutegi na kitambi chake. Muthoni aliogopa, tena sana, lakini mkono hakuuachia. Ngurumo ikapanda, ikaipita ile sauti.

Fremu ikatulia. Unga ukaanza kushuka, laini.

Mama Teresia peke yake ndiye hakukimbia. Alikuwa amesimama mlangoni; akaja akaweka kiganja juu ya chuma, akakiacha hapo kwa muda.

"Ukizima, itatetemeka tena?" akauliza.

"Itatetemeka, Mama. Lakini ni hapo tu pa kupita. Ukipita haraka haipati nguvu ya kuvunja kitu. Sisi tulikuwa tunakaa hapo."

Mama Teresia akatoka, akamwambia Mutegi kwa adabu zote kwamba lori lake litarudi tupu. Mutegi akauliza kama wana akili. Mwenyekiti akarudi ndani, akajifunga leso kiunoni, akasimama kando ya Muthoni.

"Sasa zima," akasema, "halafu washa tena. Mara hii nitasukuma mimi."