Kichwa Mikononi mwa Esperance

Ngeli zote Amony alikuwa nazo kichwani. Ungemwamsha usingizini, angekutajia bila kukosea hata moja. Chumbani kwake, mtaani Nateete, alibandika chati za ngeli mpaka kioo kikakosa pa kuning'inia. Lakini umsalimie tu kwa Kiswahili, ebo! Atakutazama, anapanga. Kabla sentensi yake haijawa tayari, wenzake wameshatoka kwenye bei ya nyanya wamefika kwenye siasa.

Ugonjwa huo ndio uliomwangusha kwenye mtihani wa Kiswahili. Wa kuandika aliwapita wote. Wa mazungumzo, alitoa sentensi tatu safi, akaaga. Na shule moja mtaani ilikuwa imemwahidi kazi ya kufundisha Kiswahili darasa la nne! Mkuu wa shule akakubali kumngojea arudie mara moja tu. Akianguka tena, darasa anapewa mwingine. Kazi hiyo Amony aliitaka, jamani, aliitaka kwa moyo wote.

Kwa huzuni akaenda kusuka nywele kwa Esperance, mama wa Kikongo kutoka Butembo mwenye saluni karibu na soko. Saluni ile ina sheria yake: anayesukwa anasimulia, wanaongoja zamu wanasikiliza. Amony hakuijua. Esperance akagawa nywele, akashika fungu la kwanza.

"Haya, mdogo wangu, tupe habari."

"Habari gani, dada?"

"Yoyote. Hata ya uongo, mradi iwe ndefu."

Amony akaanza kupanga. Esperance akavuta msuko.

"Aii!"

"Kumbe mdomo unafunguka! Sema basi."

Angekimbia, lakini msuko mmoja tu ulikuwa tayari, nywele nyingine zote zimesimama wima. Nani apite sokoni hivyo? Akasimulia jinsi mbuzi wa shangazi yake kule Gulu alivyokula kofia ya mchungaji. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Wanawake wakacheka mpaka machozi, na waliyekuwa wanamcheka ni mbuzi. Hakuna aliyemuuliza habari za ngeli.

Jioni akasimama mbele ya chati zake, safari hii akitafuta pale alipojikwaa mchana. Alipopaona, alitamka sentensi ile kwa sauti mpaka ikamkaa mdomoni. Jumamosi iliyofuata akarudi saluni kuitumia. Akarudi na nyingine tena. Nywele zilifumuliwa na kusukwa upya mara kwa mara hata majirani wakanong'ona kwamba ana mchumba. Amony hakujali, alikuwa na raha zake.

Siku ya kurudia mtihani alimkuta mtahini yuleyule, mzee wa miwani.

"Nieleze kuhusu familia yako."

Mara hii mdomo haukungoja. Akaanza na kaka yake aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Neno la pili tu akateleza, akajirekebisha papo hapo, akasonga mbele: basi likaharibika njiani, huko Karuma, bibi harusi akanuna, wapishi wakaanza kula. Mzee akaweka kalamu chini.

"Asante, binti. Inatosha, umefaulu."

"Samahani, mzee, ngoja kwanza," Amony akasema. "Bwana harusi bado yuko Karuma, na kanisa limejaa!"

Mzee akamwashiria mtahiniwa aliyefuata, aliyekuwa mlangoni, asubiri nje, akavuta kiti karibu.

"Enhe, ikawaje?"