Nyasi za Kizazi cha Pili

Ng'ombe wa Angeline alianguka asubuhi akiwa bado na nyasi mdomoni. Alikuwa kwenye hori anakula kwa hamu, mara miguu ya mbele ikaanza kutetemeka, akahema kama aliyekimbizwa mlimani, akaenda chini kwa kishindo.

Muchangi, daktari wa mifugo, alikuwa karibu, hapo Ruiri sokoni, akafika upesi. Aliutazama ufizi wa ng'ombe, mwekundu kupita kiasi, akamdunga dawa kwenye mshipa wa shingo, kisha akaamuru hori lote limwagwe.

"Mama, hizi ni nyasi gani?"

"Ni ile chotara ya mtama, Daktari."

"Mbegu ulinunua?"

"Za mwaka jana nilinunua. Hizi nilivuna mwenyewe nikapanda."

Muchangi aliingia shambani, Angeline akamfuata. Mwaka jana nyasi zilisimama kimo kimoja kutoka ua hadi ua. Sasa mabua mengine yalimpita mtu kichwa, mengine yalikomea magotini, mengine yalikuwa na wekundu kwenye shina. Angeline alikuwa ameziona tofauti hizo akalaumu mvua.

"Chotara inazaliwa na wazazi wawili wasiofanana," Muchangi alisema. "Uzao wa kwanza wote unafanana. Lakini ukivuna mbegu zake upande tena, kila mche unashika njia yake, huu umfuate nyanya, ule umfuate babu. Na mtama mchanga una sumu, hasa ukipigwa na jua. Wa mwaka jana ulikuwa na sumu kidogo. Humu sasa kuna miche ya sumu nyingi, na mimi siwezi kukuonyesha ni ipi kwa macho."

Angeline alitoa simu haraka. Alikuwa amempelekea mdogo wake, Ruguru, aliyeolewa Embu, mtungi mzima wa mbegu zile zile. Ruguru alikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena mwenye mimba, na Jumapili alikuwa amesema kwa simu kwamba wiki hii ataanza kukata.

Alipiga. Simu ya Ruguru ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, na tena. Mwishowe akampata Njeru, jirani wa Ruguru, aliyekuwa mjini Embu, naye akaahidi kwenda kwa Ruguru moja kwa moja.

Angeline aliketi chini kando ya ng'ombe wake, simu mapajani. Ng'ombe alipoinua kichwa na Muchangi akasema amepona, Angeline aliitikia tu bila kugeuka. Masikio yake yote yalikuwa Embu.

Simu ilipolia, ilikuwa namba ya Njeru, lakini sauti ilikuwa ya Ruguru.

"Dada, ng'ombe wangu hapumui. Nilidhani ni uchungu wa kuzaa."

"Ulimpa zile nyasi?"

"Nilimpa."

Angeline alifumba macho. Akamweleza yote, bila kujificha, kwamba ni mbegu zake. Ruguru alilia polepole. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hizo mbegu zilikuwa nyingi, dada. Nilizipeleka kwa akina mama wa kanisa. Kila mtu alichota."

"Wangapi?"

"Sijui. Wengine waliwapelekea watu wao."

Kesho yake Angeline alikwenda Embu. Dada hao wawili walizunguka boma hadi boma wakiomba nyasi zing'olewe. Wengi walishika majembe mara moja. Wengine waliwatazama ng'ombe wao wakicheua vizuri, wakasema hawatupi chakula ukame ukiwa hivi. Mama mmoja aliwafungia lango. Jumapili Ruguru alisimama kanisani akasema tena mbele ya wote, Angeline akiwa amekaa nyuma, hawezi kuinua uso.

Hakuna aliyewapigia kuhusu ng'ombe mwingine kufa. Lakini Angeline hakujua kama ni kwa sababu hakuna aliyekufa, au kwa sababu mbegu zilikuwa zimefika kwa watu wasiojua jina lake.

Aliporudi kwake aling'oa kila kitu. Mvua ilipokuja, punje zilizopukutika ziliota, nyembamba na za kijani kizuri, katikati ya matete aliyopanda badala yake. Tangu hapo hamlishi ng'ombe wake kabla hajapita shamba lote akiwa ameinama, akipapasa shina kwa shina kuutafuta mtama.