Majaribio Kumi na Mawili ya Kijani

Tangu Jumatatu mkuu wangu wa kazi alikuwa na uzi ule ule: programu yangu ya kukokotoa dozi za watoto haitapelekwa kwenye zahanati nyingine mpaka niiandikie majaribio ya kujiendesha. Yaani niandike programu ya kuikagua programu! Miaka sita nimeikagua kazi yangu kwa macho: nabonyeza, natazama, naendelea. Leo naambiwa nianze shule upya. Nilinuna wiki nzima.

Ijumaa asubuhi kompyuta nayo ikanigomea. Mara haioni faili, mara inataka nipakue kitu kingine. Ilipokubali, nilikuwa nimechoka, nikatafuta njia ya mkato. Kila jaribio hutaka uliandikie jibu sahihi la kulinganisha. Mimi nikaiuliza programu yenyewe dozi ya mtoto wa kilo nane, nikanakili jibu lake, nikalibandika. Kilo kumi, hivyo hivyo. Majaribio kumi na mawili, yote yakawaka kijani: yamepita.

Dada yangu ni muuguzi katika zahanati ya kwanza kuitumia programu hiyo, mwezi wa pili sasa. Nikampigia nimringie.

"Yote yamepita, dada!"

"Hongera, mdogo wangu. Na mtoto wa kilo tisa na nusu?"

Nikaangalia. "Mililita tano. Kijani."

"Tano ni za kilo kumi; programu yako inaifanya nusu kuwa kilo nzima. Huyo anapata nne na robo tatu."

"Nani kasema?" Nilishapandisha sauti.

"Karatasi iliyobandikwa hapa ukutani. Nusu mililita kwa kila kilo."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia wiki ya kwanza. Ukasema kwako inafanya kazi vizuri. Tangu hapo nakokotoa kwa kalamu. Hiyo yako naijaza tu, wakubwa wasije wakasema nakuangusha."

Miezi miwili dada yangu alikuwa akiwakinga watoto wa watu na kazi yangu, huku akinifichia aibu. Na Jumatatu ijayo programu ingepelekwa kwenye zahanati ambazo hazina dada yangu.

Nikayafuta yote kumi na mawili.

"Nisomee hiyo karatasi," nikamwambia. "Polepole."

Akanisomea. Nikaandika: kilo tisa na nusu, nne na robo tatu. Nikabonyeza. Nyekundu.

"Imekataa," nikasema. "Bado inatoa tano."

"Afadhali. Haya, andika: kilo saba na nusu."