Sahani ya Raimundi

Jumanne asubuhi, mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kahawa Mbinga, Ottilia wa kijiji cha Mpepai alipanda mzani wa zahanati akiwa na kanga mbili na sweta. Kilo thelathini na tisa. Mwezi uliotangulia zilikuwa arobaini na mbili. Sista Walburga, muuguzi aliyesomea lishe na pia ushauri wa watu wenye majonzi, aliandika kwenye kadi.

"Uji wa ulezi unakunywa?"

"Nakunywa, Sista. Maharage nakula, na usipa, vile visamaki, wakiuleta kutoka ziwani."

Muuguzi mwingine angemwongezea karanga na kumwita anayefuata. Walburga hakuona sababu ya kutibu tumbo chumba hiki na moyo chumba kile. Alifunga mlango, akakaa.

"Unakula na nani?"

"Na Raimundi, mume wangu."

"Si tulimzika mwezi wa saba?"

"Ndiyo. Huja nikishapakua. Ana njaa sana, nami siwezi kumnyima."

Walburga aliandika: watu wawili, sahani moja. Akamwagiza arudi na mumewe.

Walikuja Ijumaa. Raimundi alisalimia, akakaa kwenye benchi, vumbi la kahawa likimdondoka mabegani. Mzanini hakufikisha hata kilo moja. Alieleza kwamba ghalani mwa kampuni ya kununua kahawa, alikokuwa akibeba mizigo, magunia yalipangwa mpaka darini, nayo yakamwangukia kabla hajala mchana. Kampuni ikasema hakuwa mfanyakazi wao.

"Kwa hiyo ni njaa ya siku ile?" Walburga aliuliza.

"Njaa nimeizoea, Sista. Kinachonikwama kooni ni kuambiwa sikuwepo."

Hapo Ottilia akalia, mara ya kwanza tangu msiba. Walburga alimwacha mpaka alipomaliza mwenyewe. Kisha akawaandikia: sahani mbili, karanga kila siku, kila mmoja aseme lililo moyoni kabla ya kunawa mikono, na waende kwenye kampuni.

Aliwasindikiza. Meneja alisimama kumpokea marehemu.

"Raimundi! Habari za siku nyingi?"

Akampa mkono, akamvutia kiti. Akafungua daftari la wafanyakazi, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, akalifunga.

"Jina halimo. Umeona mwenyewe."

Raimundi alikuwa ameona.

Njia nzima ya kurudi Ottilia alifoka, na Walburga, ambaye kwa miezi alikuwa amemsikia akinong'ona tu, hakumnyamazisha. Siku hiyo Ottilia alimaliza chakula chake chote, akaongeza.

Pasaka ilipofika, mzani ulisoma hamsini na moja. Raimundi bado alikuja kila adhuhuri, akala sahani yake, akaaga vizuri. Kampuni ilijenga ghala la pili, kubwa kuliko la kwanza, na magunia yakapangwa mpaka darini.

Walburga aliuandikia uongozi wa zahanati barua akiomba chumba kipana zaidi na mabenchi mengine manne.