Mkono Uliobaki Begani

Mzee Anania alimkata mama yangu kwenye picha kwa wembe, na hata hapo alikuwa bahili. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe: yeye kakaa kwenye kigoda mbele ya duka lao la kwanza hapa Tunduma, mama kasimama nyuma yake, mkono begani. Wembe ulimwondoa mama mzima, ila ulipofika begani mzee akalionea huruma koti lake. Ndilo lilikuwa koti lake la kwanza. Mkono ukabaki.

Mkono wenyewe una kidole kilichopinda, kilibanwa na mashine ya kukoboa kahawa kule Mbozi mama akiwa msichana. Nakifahamu. Kimenifinya sana.

Mama alifukuzwa mimi nikiwa tumboni, duka likiwa limeanza kuchangamka. Akaenda kulima kijijini Chitete. Duka likazaa malori, na mzee akawa anasimulia kila harusi kwamba alianza peke yake.

Basi Erica, mkwewe, akamleta kwenye studio yangu ya picha pamoja na ile picha.

"Dada Ruti, tunataka mzee airudie hii kwenye sherehe ya kuadhimisha duka lake. Ya rangi, palepale dukani, na tunairusha mubashara."

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia baba yangu asiyenijua.

"Marahaba, binti."

"Na huu mkono wa nani?"

"Wa marehemu kaka yangu."

"Pole sana. Nitakutafutia mwingine."

"Wowote tu."

"Hapana, baba. Nitapata unaofanana."

Mama hakutaka kuja. "Nikafanye nini pale?"

"Ukawe mkono."

Akacheka. "Lile duka lilianza na kahawa yangu, Ruti. Nataka aseme yeye, mbele za watu. Sitaki kingine."

Siku yenyewe wazee wa kanisa walikaa mbele, madereva wamejazana hadi barabarani, mashemeji wamevuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Simu zote juu. Mzee alikaa kwenye kigoda ndani ya suti ya bluu.

"Tazama kamera, baba. Usigeuke hata nzi akitua."

Mama akatoka nyuma ya turubai na kitenge chake, akaweka mkono begani. Mzee alikuwa akitabasamu. Kile kidole kilipogusa, tabasamu likamkwama kama lori kwenye foleni ya mpakani. Hakugeuka. Alijua.

"Mama, wewe ni nani?" Erica akauliza.

"Mimi ndiye marehemu kaka."

Kicheko kilianzia kwa madereva.

"Anania," mama akasema taratibu, "duka hili lilianza na kahawa ya nani?"

Mzee akanitazama mimi, akatazama simu, akawatazama wazee wa kanisa. Hakuna aliyemsaidia.

"Yako," akasema.

"Hawajasikia."

"Yako, Leah! Kahawa yako!"

Hapo mama akasogeza mkono kutoka begani, akamzungushia shingoni kama mtu aliyemkumbuka sana mumewe. Nikapiga picha.

Kesho yake Erica akaja, macho chini. Mzee anaomba mama aondolewe kwenye picha, sasa si kuna kompyuta?

"Kazi ya kumkata mama yangu ni ya baba yangu," nikamwambia. "Aliianza mwenyewe."

Erica akashika mdomo. Nikaiweka picha kwenye bahasha, kubwa, ya rangi, na wembe mpya juu yake.

"Mwambie safari hii aanze na shingo."